Kisukari na moyo katika ukoo wetu: je, nipimwe jeni?

Mkazi wa Nyalenda, Kisumu

Hamjambo ndugu zangu. Nina kisukari aina ya pili, na huu ni mwaka wa saba. Baba yangu, aliyekuwa na ugonjwa huu pia, alifariki kwa moyo akiwa na umri wa miaka 56, na kaka yangu sasa hubanwa na kifua kila apandapo kilima cha kwetu Maseno. Nimeshauriwa nitume mate ng'ambo yapimwe jeni. Tena kipimo changu cha miezi mitatu, HbA1c, husoma asilimia 6.3, kana kwamba sukari imetulia, ilhali kimashine cha nyumbani huonyesha sukari ya juu, 10 au 11 mmol/L, karibu kila asubuhi. Nishike lipi?

Mwalimu wa Biolojia, Nakuru

Pole sana, dada. Mwaka 2013 watafiti walionyesha kwamba tofauti ndogo iliyo karibu na jeni ya GLUL, inayohusika na kutengeneza glutamini, huongeza hatari ya ugonjwa wa mishipa ya moyo kwa takriban asilimia 36 kwa kila nakala aliyorithi mwenye kisukari aina ya pili. Hata hivyo, waliochunguzwa walikuwa watu wenye asili ya Ulaya, na makadirio yatokanayo na damu za huko hukosea zaidi yakitumiwa kwetu. Usiuze mbuzi kwa ajili ya kipimo hicho.

Muuguzi, Ahero

Mama, hizo namba zako mbili ndizo zinazonishughulisha. HbA1c hupima sukari iliyonata kwenye chembe nyekundu za damu, ambazo kwa kawaida huishi siku 120 hivi. Huku kando ya ziwa, kwenye malaria ya vizazi na vizazi, wengi wamerithi jeni moja ya seli mundu (ugonjwa wa damu wa kurithi) bila kuugua, au upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu, kwa kuwa hali hizo humkinga mtoto dhidi ya malaria kali. Chembe zenye upungufu wa G6PD hufa mapema kabla ya kukusanya sukari ya kutosha, basi kipimo husoma chini kuliko hali halisi. Jeni ya seli mundu nayo huweza kukishusha kidogo. Mgonjwa huambiwa sukari imetulia, dawa haiongezwi, na mishipa ya moyo inaendelea kuumia. Nimemhudumia mzee ambaye daftari lake la kliniki lilijaa 6 tupu, huku vidole vyake vya miguu vimekwisha kufa ganzi.

Omba upimwe G6PD na aina ya himoglobini, ile protini ya chembe nyekundu inayoonyesha kama una jeni ya seli mundu. Andika sukari ya asubuhi na ya saa mbili baada ya kula, kwa wiki mbili, umpelekee daktari, na umuulize pia kuhusu presha, kolesteroli na statini, yaani dawa za kushusha kolesteroli. Kaka asingoje: apimwe umeme wa moyo mara moja.

Mkazi wa Nyalenda, Kisumu

Ahsanteni. Mtoto wa dada yangu ana seli mundu, wala sikuwahi kudhani kwamba jambo hilo lingeweza kugusa sukari yangu. Kaka anakwenda hospitali kesho asubuhi. Mimi nimeanza kuandika: leo alfajiri, 10.4.