Naomba ushauri: dua moja kwa familia ya dini tofauti

Ndugu zangu, mwezi ujao ukoo wetu unakutana Igoma, Mwanza, kumkumbuka bibi. Shangazi na wanawe ni Waislamu, sisi Wakatoliki, na atakuwepo jirani Singasinga aliyemuuguza bibi kama mama yake. Wazee wameniagiza niandae dua moja ambayo wote wataitikia kwa moyo mweupe.

Msingi naona upo. Sura zote za Kurani isipokuwa ya 9 hutanguliwa na jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema. Zaburi ya 103 inamtaja Bwana mwenye huruma. Guru Nanak (1469–1539), mwanzilishi wa dini ya Masingasinga, alifundisha Mungu mmoja, muumba, asiyezaliwa. Na tamko la Kikatoliki la Nostra Aetate, 1965, linasema Waislamu wanamwabudu Mungu mmoja aliye hai. Hilo lilinifariji mno.

Kazi ipo kwenye Utatu na maombezi ya watakatifu. Sipendi kuvifuta, maana ndiyo imani yetu, lakini shangazi asijikute amenyamaza kwa unyonge kwenye kumbukumbu ya mama yake mzazi. Je, niombe rehema tu kwa pamoja, au kila upande uombe kwa zamu? Mliowahi kufanya hivi, mlitumia maneno gani?