Muhula mmoja Trinidad: Kanivali na Ramadhani zimegongana, naomba ushauri

Binti wa Chumbageni:

Assalaam alaykum, na wakubwa zangu shikamooni. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nasoma kilimo mwaka wa tatu katika chuo kimoja nchini Kanada, na nimepata nafasi ya kwenda Chuo Kikuu cha West Indies, kampasi ya St. Augustine, Trinidad, kisiwa cha Karibi, kuanzia Januari hadi Mei 2027. Kilichonivuta ni kakao, kwa kuwa huko kuna shamba la kuhifadhi aina za kakao zilizokusanywa kutoka nchi nyingi, na kampasi yenyewe ilianza kama chuo cha kilimo cha Waingereza kilichowafundisha mabwana shamba waliotumwa makoloni, yakiwemo ya kwetu.

Shida ni kalenda. Jumatatu na Jumanne ya Kanivali, sherehe yao ya muziki na mavazi barabarani, zinaangukia tarehe 8 na 9 Februari, na mwezi wa Ramadhani unatarajiwa kuandama siku hizo hizo. Mama ameona picha za mavazi ya manyoya akaniambia kwamba sikupelekwa ng'ambo kucheza uchi barabarani. Msimamizi wangu naye anataka ripoti ya utamaduni wa kisiwa, nami sioni nitakavyoiandika nikiwa nimejifungia chumbani wakati nchi nzima iko nje. Je, niahirishe?

Bahari Mbili:

Mdogo wangu, nilisoma St. Augustine miaka miwili, na ushauri wangu ni kwamba usiahirishe. Kanivali ya kwenye picha ni ya siku mbili, lakini ile inayostahili kuandikwa ni ya wiki zinazotangulia, nayo utaikuta katika viwanja vya pani, yaani ngoma za chuma zinazotengenezwa kwa mapipa. Wakoloni walipoibana ngoma katika miaka ya 1880, watu wa Port of Spain, mji mkuu, waligeukia vipande vya mianzi vilivyogongwa chini, baadaye makopo na vyuma chakavu, na kufikia miaka ya 1940 walikuwa wanafua matako ya mapipa mpaka yatoe sauti za muziki kamili. Bendi ya Exodus ina uwanja wake hapo hapo St. Augustine, kwenye barabara kuu ya mashariki. Kuanzia Januari hufanya mazoezi jioni kwa ajili ya Panorama, mashindano ya bendi za pani yaliyoanza 1963, ambamo bendi kubwa huweza kuwa na wapigaji 120. Wengi wao hawasomi noti. Hufundishwa kifungu kwa kifungu, kwa sikio, na kifungu kimoja kinaweza kurudiwa mpaka wewe msikilizaji uchoke kabla yao. Unasimama pembeni na nguo zako za heshima, hakuna atakayekuuliza manyoya yako wapi. Fainali ya bendi kubwa kwa kawaida huwa Jumamosi ya kabla ya Kanivali, yaani tarehe 6, nawe utakuwa hujaanza kufunga.

Ummu Nasra:

Mwanangu, mwambie mama kwamba Idd el-Fitr ni sikukuu ya kitaifa Trinidad. Waislamu wengi wa huko ni vizazi vya Wahindi walioletwa kufanya kazi katika mashamba ya miwa kati ya 1845 na 1917, na msikiti wa Jinnah, uliofunguliwa 1954, uko St. Joseph, mji wa jirani na kampasi yako. Siku ya Idd watakupa sawine, nawe utaonja na kusema hizi ni tambi za maziwa. Chakula chao cha asubuhi, doubles, ambacho ni vimkate viwili laini vya kukaanga na mchuzi wa dengu katikati, ukile Januari, maana Ramadhani itakunyima asubuhi zake.

Mpemba wa Mjini:

Pelau yao, yaani wali wa nyama, ina mbaazi na tui la nazi, na majani ya magimbi wanayapika kwa nazi na bamia. Huko ni Unguja tu, utajiona uko nyumbani.

Bahari Mbili:

Ndugu yangu, jikoni nakubali, lakini asiiandike hivyo kwenye ripoti. Ile pelau huanza kwa kuunguza sukari mpaka iwe nyeusi kisha nyama hutiwa humo, jambo ambalo mama wa Kiunguja angeliona ni kuharibu sufuria. Hata salamu zina utaratibu wake: ukipanda maksi, ambayo ni daladala yao, bila kuwaamkia abiria utaonekana huna adabu, na usiku ukiingia husalimiana kwa maneno ambayo kwingine ni ya kuagana.

Kipanga:

Nitasema moja tu. Tiketi rahisi ya kupitia Miami itakuponza, kwa sababu hata kubadilisha ndege Marekani kunahitaji viza yao. Tafuta ndege ya moja kwa moja kutoka Toronto, na uhakikishe kwamba viza yako ya kurudi Kanada haiishi kabla ya Mei.

Binti wa Chumbageni:

Nawashukuru sana. Mama amelainika aliposikia habari za msikiti na tambi, ila mazoezi ya usiku ameyakataa mpaka ajue nitarudi bwenini na nani.

Bahari Mbili:

Mama yuko sahihi. Uwanja ni jirani, lakini uhalifu wa bunduki upo kisiwani, kwa hiyo usitembee peke yako usiku. Wanafunzi wengi huenda kwa makundi. Wiki ya kwanza uliza bwenini nani anapiga pani, na uondoke naye anapoondoka.