Ni kitabu gani kilichokufanya uione upya dunia uliyoizoea?

Mwalimu wa Chake:
Assalamu alaykum ndugu wasomaji. Ninasomesha Kiswahili katika skuli moja ya sekondari hapa Chake Chake, na kwa muda mrefu nimekuwa nikijiuliza kwa nini baadhi ya vitabu humalizika pale tunapovifunga, na vingine hutufuata hadi sokoni na bandarini. Kwangu mimi kitabu cha namna hiyo ni Kuli cha Adam Shafi, kilichotoka mwaka 1979. Kabla ya kukisoma, nilikuwa nikiteremka melini pale Malindi, bandari ya mji wa Unguja, nikiwapita wachukuzi bila ya kuwatazama nyuso. Baada ya kumfuata Rashidi, mhusika wake mkuu, katika kazi za gatini hadi kwenye mgomo wa mwaka 1948, nilianza kuuliza mambo ambayo hakuna aliyenifundisha kuyauliza: huyu analipwa nini kwa gunia moja, na akiumia nani atawalisha wanawe? Naomba mnieleze, kitabu gani kilikubadilisheni hivyo, na hasa kilibadilisha kitu gani?

Mkulima wa Wete:
Wa alaykum salaam, Mwalimu. Jibu langu ni Nyota ya Rehema cha Mohamed Suleiman Mohamed, cha mwaka 1976. Wengi hukieleza kuwa ni kisa cha binti aliyekosa mapenzi ya baba kwa sababu ya rangi yake, na ni kweli, lakini mimi niliyekulia chini ya mikarafuu nilishikwa zaidi na habari ya shamba. Rehema analipata kwa kauli tu, bila ya hati, na wenye nguvu wanapokuja kulidai, jasho lake na la mumewe Sulubu halihesabiwi. Sisi huku tunajua kuwa ardhi inaweza kuwa ya mtu mmoja na miti iliyo juu yake ikawa ya mwengine, na tunajua pia kuwa baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ilitaifishwa na watu wakagaiwa eka tatu tatu. Hayo yote nilikuwa nikiyasikia barazani tangu utotoni, wala sikuyatia maanani. Siku hizi mtu akisema shamba lile ni la fulani, ninataka kujua limekuwa lake kwa njia gani, na nani alilipalilia kabla yake.

Binti wa Ng'ambo:
Mimi nitataja kumbukumbu za Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said, Sultani wa Oman na Zanzibar, aliyezaliwa katika kasri la Mtoni mwaka 1844, akaondoka Unguja mwaka 1866 na kuandika maisha yake kwa Kijerumani, kitabu kikachapishwa mwaka 1886. Watoto wa kike walifundishwa kusoma Kurani lakini si kuandika, naye akajifunza kwa siri kwa kunakili herufi juu ya mfupa wa bega la ngamia. Nilipofika hapo nilikiweka kitabu chini kwa muda, kwa sababu nilimwona bibi yangu, anayesoma vizuri sana na ambaye hakuwahi kupewa kalamu. Hata hivyo, kilichonibadilisha zaidi ni sura ya kitabu ambamo anautetea utumwa. Mwanamke aliyejua uchungu wa kunyimwa herufi hakuuona unyonge wa waliomhudumia ndani ya nyumba ile ile. Tangu hapo, kila anayenisimulia historia ya visiwa hivi, awe mzee wangu au mwandishi mkubwa, ninamsikiliza kwa heshima huku nikijiuliza ni nani hakumtaja.

Msomaji wa Mkoani:
Ninakubaliana nanyi kwa sehemu, lakini nadhani tunavisifu vitabu na kusahau hali ya anayesoma. Kasri ya Mwinyi Fuad, cha Adam Shafi vilevile, nilikisoma kwa ajili ya mtihani, nikakariri wahusika na dhamira, na hakikunigusa. Nilikirudia nikiwa nimeshaajiriwa, nikamwona Kijakazi anavyomtumikia Fuad kwa mapenzi ya dhati, kiasi kwamba hata Mapinduzi yanapofika moyo wake bado uko kwa bwana wake, na kwa mara ya kwanza nikafahamu kuwa dhulma inaweza kukaa ndani ya mtu ikaitwa utiifu. Mwalimu, ikiwa unataka wanafunzi wako wapate kwa Kuli yale uliyoyapata wewe, waache wakisome chote mwanzo, wabishane wenyewe kuhusu Rashidi na mgomo, na maswali ya mtihani yaje wiki za mwisho.