Aqua kuvuta tela dogo la miche, chuma cha nyuma kifungwe wapi na itaweza kweli?

MicheKibaha
Wakuu habari za jioni. Naomba ushauri kwa wenye uzoefu maana hii gari ndo miguu yangu, ikilala na mimi nalala. Nina Toyota Aqua ya 2013, hii NHP10, mwaka wa tatu sasa haijanisumbua kitu. Nina kitalu cha miche huku Kibaha, miembe ya kubebesha, michungwa, parachichi na miti ya vivuli, wateja wangu wengi wako Mbezi, Goba na Madale. Mpaka leo nalaza siti za nyuma napanga viriba humo ndani, inaingia kama 70 tu, ile mirefu lazima niiinamishe na mingine inafika imevunjika kikonyo, mteja anaangalia tu anakaa kimya unajua kabisa hatorudi. Kukodi Kirikuu, ile pikapu ndogo, kila safari kunakula faida yote.

Sasa kuna fundi wa kuchomelea hapa Maili Moja anasema atanitengenezea tela dogo futi 5 kwa 4, halafu anichomelee na chuma cha kuvutia nyuma ya gari, ile wengine wanaita tobaa, yenye gololi ya kushika tela. Nataka kubeba miche 150 kwa safari moja. Ila jirani yangu kanikatisha tamaa, anasema haibridi (gari ya petroli na umeme) haivuti kitu, giaboksi ni ya mkanda utakatika na betri kubwa itakufa. Ukweli ni upi? Na kuchomelea ni sawa au kuna namna nyingine?

FundiWaya
Mkuu jirani yako kachanganya mambo mawili. Aqua haina mkanda kwenye giaboksi. Inaitwa CVT kwenye makaratasi ndio maana watu wanadhani ni ile ya mkanda, lakini ndani ni gia za meno zinazozungukana pamoja na mota mbili za umeme, hakuna mkanda wala klachi ya kuungua. Angekuwa anaongelea Honda Fit haibridi ya 2013 mpaka 2019 ningemuelewa, ile ina klachi mbili na ukiivutisha mzigo mlimani mwendo wa konokono zinapata moto.

Ila hapo usishangilie. Aqua adui yake ni joto. Mota na inverta (kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uendeshe mota) vinapozwa na maji yao tofauti kabisa na ya injini, na betri kubwa ile ya volti 144 iko chini ya siti ya nyuma inapozwa na feni inayovuta hewa kutoka hapo hapo ndani ya gari. Ukiongeza mzigo nyuma, betri inatoa na kupokea umeme kwa nguvu zaidi muda wote.

Na hapa ndo nimestuka mkuu. Umesema unapanga viriba nyuma siti zikiwa zimelazwa. Kesho asubuhi fungua mlango wa nyuma utafute tundu lenye wavu kwenye siti, ndo pua ya betri. Nina uhakika utakuta vumbi la udongo limejaa, na kuna safari umeliziba kabisa na miche. Kwa miaka mitatu umekuwa ukiiua hiyo betri polepole bila kujua, kwa hiyo tela likifanywa vizuri linaweza hata kuisaidia kuliko hivi unavyofanya sasa. Safisha hiyo feni kwanza kabla ya kununua hata bolti moja.

Swali moja: umepima uzito? Usiniambie "miche ni myepesi". Udongo uliomwagiwa maji sio mwepesi.

Mluguru_Aqua
Ndugu yangu usichomelee, nakuomba. Mimi niko Morogoro na nimefanya hilo kosa mwaka jana. Fundi alichukua chuma cha pembe nne akakichomelea kwenye bati la chini ya buti, pale kwenye tairi ya akiba, kazi ilionekana safi kwa macho na akaipiga na rangi nyeusi. Lile bati ni jembamba, limetengenezwa kubeba tairi tu sio kuvutwa. Miezi miwili nikawa nasikia harufu ya moshi ndani ya gari hasa madirisha yakifungwa, mke wangu analalamika kichwa, nikadhani ekzosi imetoboka. Kuinua zulia la buti nakuta ufa umezunguka ule mshono kama mtu amekata kopo la maziwa, kidole kinapita, na ukichungulia unaona lami. Moshi wa ekzosi ulikuwa unaingilia hapo. Na watoto walikuwa wanakaa nyuma. Mpaka leo nikikumbuka silali vizuri.

Sasa hivi nimefunga upya kwa bolti. Tulishusha bampa, ndani yake kuna boriti ya chuma imefungwa kwenye ncha za chesisi mbili, kulia na kushoto. Hizo chesisi ndo mifupa ya gari. Tukatengeneza mikono miwili ya bati nene inayoingia pale, kila upande bolti nne, na kwa ndani tukaweka vipande vya chuma nyuma ya nati ili isidonoe bati, halafu mikono ikaunganishwa na chuma kimoja kinachopita chini ya bampa. Chuma chenyewe kilichomelewa mezani, sio kwenye gari. Mashimo yote tuliyotoboa yalipakwa rangi ya kuzuia kutu kabla ya kufunga.

Na kile kindoano cha chini ya gari nyuma, kama unacho, usije ukafunga kitu pale. Kiliwekwa kwa ajili ya kufungia gari kwenye meli.

FundiWaya
Asante Mluguru kwa kusema wazi. Naongezea: hata fundi akisema "nachomelea kidogo tu", tenki la petroli liko jirani na siti ya nyuma, betri kubwa iko jirani, betri ndogo ya volti 12 kwenye Aqua nayo iko huko huko chini ya siti, na zile nyaya za rangi ya machungwa ni umeme wa kuua mtu. Hapo sio pa kuchezea cheche.

Nakuru_Boda2Farm
Salamu kutoka Nakuru. Mimi navuta tela na Fielder sio hybrid lakini fizikia ni ile ile. Wengi wanaogopa mlima wa kupanda, mimi naogopa wa kuteremka. Tela lenu halitakuwa na breki, kwa hivyo gari lako ndilo linasimamisha kila kitu. Kwa Aqua uko na ile B kwa gia, tumia hiyo kwa mteremko mrefu. Kwenye D gari linapunguza mwendo kwa kuchaji betri, lakini betri ikijaa haipokei tena na kazi yote inarudi kwa pedi za breki. Ukiweka B injini inasaidia kushika. Na kaa mbali na gari la mbele, mara mbili ya vile umezoea.

Kitu ya pili, usipakie mzigo wote nyuma ya ekseli ya tela. Ukifanya hivyo tela linainua mkia wa gari na ukifika 80 linaanza kuyumba kama samaki, na hapo ukikanyaga breki ghafla umekwisha. Mzito ukae mbele kidogo ya ekseli. Chukua mizani ya kupimia watu, weka chini ya pua ya tela likiwa limepakiwa na liko sawa, usome. Mimi huwa nataka karibu asilimia 10 ya uzito wote. Na weka cheni ya usalama, ipite chini ya pua, ili gololi ikiachia tela lisiende peke yake kwa barabara.

Angalia pia gololi na kikombe cha tela viwe saizi moja. Kuna za milimita 50 na kuna za Marekani za inchi 1 na 7/8 ambayo ni kama 47.6. Kikombe cha 50 juu ya hiyo ndogo kinakaa vizuri ukiangalia, lakini kwa tuta moja kinaruka.

Mdau_Reading
Niko Uingereza, nasoma tu hapa nikaona nichangie. Huku gari lina kibati cha uzito, mstari mmoja unasema gari peke yake na mwingine unasema gari pamoja na tela. Mstari wa pili ukikosekana maana yake mtengenezaji hajaruhusu kuvuta, kwisha maneno, na bima inaweza kukukana. Yaris haibridi ya enzi za Aqua yako, yenye injini hiyo hiyo ya 1.5, huku haikupewa ruhusa ya kuvuta kabisa, watu wanafunga chuma kwa ajili ya kubebea baiskeli tu. Yaris mpya ya kuanzia 2020 ndo wameipa kilo 450. Prius c, ambayo ndo Aqua iliyouzwa Marekani, kitabu chake kinasema Toyota haipendekezi kuvuta tela.

Sisemi usifanye, najua maisha ya huko na najua barabarani kunaonekana mengi. Nasema ujue kwamba unafanya kitu ambacho mtengenezaji hakukipa namba, kwa hiyo namba yako iwe ndogo sana, na uiulize bima yako kabla na sio baada. Na tela lisajiliwe lipate namba yake.

MicheKibaha
Wakuu nimerudi, asanteni sana, Mungu awabariki. FundiWaya ulisema kweli, nimefungua lile tundu la siti, wavu umeziba udongo mwekundu na mzizi mdogo umekaukia humo ndani. Nimeona aibu. Feni imeshushwa imesafishwa.

Nimepima. Kiriba kimoja cha mche wa mwembe nikiwa nimemwagia asubuhi ni kilo 1.4, kikikauka siku nzima kinashuka karibu kilo 1.1. Miche 150 ni kilo 210. Fundi anasema tela tupu litakuwa kama 90. Jumla 300. Naona ni nyingi?

FundiWaya
Nyingi kwa Aqua. Gari lako lina kilo kama 1,080 na Wajapani walilipigia hesabu ya kubeba watu watano wa kilo 55, yaani 275, basi. Na kumbuka uzito wa pua ya tela unakaa kwenye gari, unahesabika humo. Mimi ningeishia 230, tela na mzigo pamoja, na ndani ya gari muwe wawili tu. Usimwagie miche asubuhi ya safari, mwagia jana yake mchana. Mwendo usizidi 60.

Taa sasa. Asikuungie taa za tela kwenye waya za taa za gari. Balbu mbili za breki za wati 21 ni ampea 3.5 zaidi ambazo mfumo haukupangiwa, na Aqua haina alteneta ya kawaida, volti 12 inatoka kwenye inverta. Funga rilei (swichi zinazowashwa na umeme) zenye fyuzi yake moja kwa moja kutoka betri ndogo, waya za gari zitoe ishara tu, na kwenye tela weka taa za LED. Plagi ya pini 7: njano ni indiketa ya kushoto, kijani ya kulia, nyeupe ni ethi (waya wa kurudishia umeme), nyekundu breki, kahawia na nyeusi ni taa ndogo. Ethi ipite kwenye waya wake, isitegemee gololi, grisi na kutu vitakufanya uonyeshe kushoto taa ziwake zote.

Na cheki maji ya inverta kila Jumamosi.

MicheKibaha
Sawa mkuu. Nimeamua miche 100 kwa safari, kilo 140 na tela 90, inatoka 230 hiyo hiyo. Nimemwambia fundi wa Maili Moja achomelee tela tu, gari asiliguse, na Mluguru kanitumia vipimo vya ile mikono ya bolti. Kesho nashusha bampa nione ncha za chesisi zikoje, kama zimeliwa na kutu naacha kabisa narudi kwa Kirikuu. Nitaweka picha hapa.