Tupeane uzoefu: akili inapouacha mwili baada ya mateso ya muda mrefu

Kutoka Goma, Ndosho

Ndugu zangu, amani kwenu. Naomba tusaidiane kuhusu jambo ambalo wengi wetu tunalibeba kimya: akili kuondoka ghafla huku mwili umebaki, sauti za watu zikasikika kwa mbali, mikono ikaonekana kuwa si yako, na saa zikapita bila wewe kujua ulikuwa ukifanya nini. Mwanasaikolojia aliyenipokea alinieleza kwamba hali hii huwapata hasa walioumizwa mara kwa mara bila njia ya kukimbia, kwa kuwa akili isipoweza kuuokoa mwili hujiondoa yenyewe. Ulikuwa ulinzi, si wazimu wala mapepo. Shirika la Afya Duniani, katika orodha ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022, linakitambua kiwewe changamani, yaani jeraha la akili linaloachwa na mateso ya muda mrefu au ya mara kwa mara, kuwa ugonjwa unaojitegemea.

Kwangu dalili ya kwanza ni macho kuganda mahali pamoja, hasa pikipiki inaposimama langoni usiku. Hapo hapo huchukua jiwe la lava, ambayo hapa kwetu imejaa kila uwanja, nikalibana kiganjani mpaka nihisi ukali wake, nikakanyaga sakafu kwa nguvu na kutaja kwa sauti siku ya leo, mtaa niliopo na umri wangu, kisha nikataja vitu ninavyoviona chumbani kimoja kimoja. Macho yawe wazi. Zoezi la kufumba macho na kuvuta pumzi ndefu, linalowatuliza wengine, mimi lilinipeleka mbali zaidi.

Kutoka Bukavu, Kadutu

Asante, dada. Mimi ninaishi na mdogo wangu mwenye hali hiyo. Tumejifunza kutomtikisa, kutommwagia maji wala kumshika kutoka nyuma. Ninakaa mbele yake, ninamwita kwa jina, ninamwambia mimi ni nani na kwamba yuko nyumbani, na simgusi kabla hajakubali. Mpango huo tuliupanga naye mwenyewe akiwa mzima, tukawafundisha hata watoto.

Jambo jingine nalisema wazi, ingawa najua baadhi ya wapendwa wataumia: watu walitaka atoe ushuhuda wake wote mbele ya kusanyiko, wakiamini kwamba kusema ndiko kupona. Kwa mtu ambaye bado hajapata utulivu, kulazimishwa kusimulia humrudisha kule kule. Usalama na usingizi hutangulia. Masimulizi yatakuja kwa wakati wake, mbele ya mtu aliyefunzwa, na kwa kiasi anachokiweza yeye.

Kutoka Lubumbashi, Katuba

Mama zangu, naongeza machache. Daktari alinipima kifafa kwanza, kwa sababu kifafa nacho huweza kumfanya mtu aduwae na kupoteza kumbukumbu bila kuanguka. Msiruke hatua hiyo. Pia siku ambazo sikulala vizuri sikai peke yangu penye mbabula (jiko la makaa) yenye moto, na mtoto mchanga ninampa bibi yake ambebe.