Ngano za nyanya: turekodi kwa simu au tuziache jikoni?

Mwalimu wa Kondele: Juzi niliwauliza watoto wa Gredi ya 3 nani anaijua Simbi Nyaima. Mmoja akajibu, "Ni pale pa kuona heroe." Kweli, heroe wapo. Lakini kijiji kilichozama baada ya kumfukuza ajuza aliyeomba chakula na pa kulala, hakuna aliyekisikia, na ziwa lenyewe liko hapo tu Kendu Bay. Mimi nasema tuwarekodi wazee kwa simu kabla hawajatuishia. Mwasemaje?

Jakano: Rekodi, mwalimu, lakini simu haiitikiwi. Dani, yaani nyanya yangu, alikuwa akifika mahali ananyamaza, anachochea moto, anasikiliza kama tuko macho. Tusipoitikia, hadithi imekwisha, kalaleni. Na mchana hasimulii ng'o, ati hamtarefuka. Kizazi hiki hakijui hata Luanda Magere, shujaa wetu Wajaluo mwenye mwili wa jiwe, alivyouzwa na yule msichana wa Kinandi. Majirani wengine tuliwajua mapema.

Chai ya Kapsabet: Majirani gani, omera? Mikuki ilikuwa ikimdunda Magere. Akaugua, akamwambia binti kwa kinywa chake mwenyewe: nichanje kivulini, usinichanje mwilini. Siri ya vita unampa mke uliyepewa na adui! Binti alitumwa, akafanya kazi, akarudi kwao na siri ya kivuli. Wengine kwa kazi hiyo hupewa nishani.

Jakano: Hata sina hakika alikuwa Mnandi. Dani alisema Lang'o tu, jina letu la majirani hao kwa jumla. Wewe ndiye umekimbilia kiti cha mshtakiwa.

Chai ya Kapsabet: Umeandika "Kinandi" kwa kidole chako. Soma juu.

Mulembe Daima: Nimekuja kusikia ngano nimekuta kesi ya talaka. Machozi tunayo ya kutosha, lile jiwe la Ilesi, Kakamega, linalotiririsha maji, linalia bila kusaidiwa.

Jakano: Nawe kaa na jiwe lako. La Magere, alilogeuka alipochomwa kivuli, liko Kano, wawindaji walinolea mikuki pale kabla ya kuingia porini. Lako limemnolea nani?

Mulembe Daima: Basi tumefika kwenye kushindanisha mawe. Endeleeni.

Kijana wa Nakuru: Mama yangu Mnandi, baba Mjaluo. Ngano hiyo kwetu husimuliwa mmoja wao akiwa safarini. Baba huanzia mikuki inapodunda. Mama huanzia binti anapoagwa kwao, mama yake anamfunga shanga huku hamtazami usoni. Mara ya kwanza kuisikia ya mama nilidhani ni hadithi nyingine kabisa, mpaka kivuli kilipoingia.

Chai ya Kapsabet: Hapo pa shanga sikuwahi kupasikia. Asante.

Mwalimu wa Kondele: Jamani, simu yangu imebakiza nafasi ya hadithi moja. Nirekodi ya nani?

Chai ya Kapsabet: Ya mama yake.

Jakano: Ya dani. Na usiwachezee watoto rekodi mchana.

Mwalimu wa Kondele: Kipindi cha lugha ni saa nne asubuhi.

Jakano: Basi utabaki na darasa la wafupi.