Samaki wa mapambo aina ya koi wanakufa katika bwawa jipya la ndani

Mkazi wa Mwanga, Kigoma: Ndugu zangu, nimejenga sebuleni bwawa la saruji lenye urefu wa mita 4, upana wa mita 2 na kina cha mita 1.2, nikaweka koi 6 siku ya tatu baada ya kulijaza. Wawili wamekufa, na waliobaki wanahema juu juu huku wakijisugua ukutani. Nimekosea wapi?

Fundi wa Ujiji: Pole sana. Saruji mbichi hutoa chokaa inayopandisha pH (kipimo cha asidi na alkali ya maji), na pH ikiwa juu amonia inayotoka kwa samaki huwa sumu kali zaidi. Ulipaswa kulijaza na kulimwaga bwawa mara kadhaa kabla ya kuweka hata samaki mmoja. Wahamishie leo kwenye simtanki yenye pampu ya hewa. Bakteria wa chujio, wanaoondoa amonia hiyo, nao huhitaji takriban wiki 4 hadi 6 kukomaa.

Mfugaji: Naongezea kwamba pampu isiyo na betri ni hasara umeme ukikatika usiku. Binafsi ningefuga frontosa, samaki wetu wa Ziwa Tanganyika mwenye milia na nundu, ambaye amezoea pH inayokaribia 9.

Mkazi wa Mwanga: Ahsanteni. Nimekwisha kuwahamisha, mmoja ameanza kula.